Mota ya Waipa

Mota nimeing'oa kwenye Patrol iliyopinduka
njia ya Nizwa, sasa imelala Wadi Kabir
kwa Mbaluchi anayeuza vyuma kwa kilo.
Nusu riali. Akaniuliza, gari lako la mwaka gani?
Nikamwambia si ya gari, ya mzuka.
Akanirudishia baisa mia, akasema nikanywe maji.

Kosa ni la Dalisay, binti wa nesi wa nyumba ya pili,
miaka minane, mapengo mawili,
aliyekuja mlangoni na karatasi aliyoichora:
"Ami Humud, wewe fundi wa friji.
Nataka mzuka. Lakini uwe unasogea.
Usiosogea tayari tunao."

Miaka thelathini nafufua viyoyozi vya Al Khoud,
mzuka ndio utanishinda?

Basi: betri ya volti kumi na mbili,
bomba la plastiki, robo tatu, kwa mifupa,
bawaba ya kabati kwa kiwiko,
na kisahani cha bati nilichokitoboa pembeni,
si katikati. Siri yote iko hapo:
kinachozunguka, ukikishika pembeni,
husukuma, huvuta, husukuma, huvuta,
kama mtu aliyekumbuka neno akalisahau.

Mwezi wa kumi huku bado ni tanuri.
Jasho linadondokea nati, spana inateleza.
Dada yangu Thuraya yuko dirishani,
kashika tasbihi kama kashika breki.
"Wewe, usimchongee jini kiti.
Atakuja kukaa. Na Bahla si mbali."
Jini gani, nikamwambia, atakubali miguu ya bomba la choo?
Akacheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

Nilitaka utishe. Nilipanga mkono uruke
juu, ghafla, kucha wazi.
Lakini waipa ni waipa: imezaliwa kufuta,
haijui kushambulia.
Nilipounga waya mkono ukanyanyuka polepole,
ukarudi kifuani, ukanyanyuka tena,
vile unavyomwita mtu aliye mbali
nawe umeshiba, huna haraka.

"Huyu anakaribisha wageni," alisema Dalisay, kanuna.
"Angalau mvalishe."

Shuka jeupe Thuraya alilikataa: sanda si mchezo.
Dishdasha niliikataa mimi.
Nikafungua sanduku nisilolifungua mwaka wa nne huu.
Udi ukanipiga usoni,
na juu kabisa, imekunjwa kwa mikono yake,
kanga ya Zuwena, nyekundu kwa nyeusi,
aliyoinunua Darajani safari ile ya mwisho.
Nikaitandaza kitandani nisome jina:

NILIJUA UTAKUJA.

Ee Zuwena. Hata kwa utani umenitangulia.

Usiku wenyewe geti lilijaa watoto,
wa nesi, wa mhasibu wa Kerala, wa mtaa wa nyuma
wasiojua hii ni sherehe ya nani
ila peremende hazina kabila.
Boga la kuchonga halikuwepo, Thuraya alilipika kwa tui.
Tochi chini ya kanga, mkono juu, mkono kifuani.
Hawakuogopa. Mmoja aliupa mkono.
Mmoja akauachia peremende kiganjani, ikaanguka,
akaiokota, akairudisha, ikaanguka.

Aliyeogopa ni Bi Sheikha, kapita kutoka dukani,
maana yeye peke yake alijua kusoma.
Akasimama. Akarudi hatua mbili na mkate wake.
Kisha akasogea, akashika pindo kwa vidole viwili:
"Hii si ya yule marehemu?"
Ndiyo, nikasema.
"Itakuchakaa. Iondoe umande haujaingia."
Akaenda. Kwenye kona akageuka,
na sijui alikuwa akimpungia nani.

Nilisahau kuchomoa waya.
Alfajiri, natoka msikitini, betri imekaribia kukata,
mkono unapanda kidogo, unasita,
unafikiri, unapanda.
Kijana wa Kibengali wa kuchota taka
alikuwa keshampa salamu, anangoja ajibiwe.

Nimeifua mara mbili kwa sabuni ya kipande.
Grisi haikutoka. Imekaa juu ya UTA,
kwa hiyo sasa inasomeka NILIJUA, halafu doa,
halafu KUJA.
Thuraya anasema jaribu ndimu.
Ndimu ninazo.